Kompyuta Moja, Watu Watatu: Jinsi ya Kuchagua Akaunti na Makundi ya Linux Dukani

Ni saa mbili usiku. Umefunga duka, umekaa kwa kaunta, unataka kulinganisha pesa zilizoingia kwa namba yako ya tili na mauzo yaliyoandikwa kwa kompyuta. Unafungua folda ya mauzo. Jumatatu ipo. Jumatano ipo. Jumanne haipo.

Nani aliifuta? Hapo ndipo shida inaanza. Kompyuta ni moja, akaunti ya kuingilia ni moja, na nenosiri lake unalijua wewe, analijua mhudumu wa asubuhi, na analijua yule kijana anayekuja kusaidia Jumamosi. Huwezi kujua ni nani. Na kwa sababu huwezi kujua, macho yote yanamgeukia yule kijana, kwa vile ndiye mgeni. Labda hana hatia kabisa. Labda ni wewe mwenyewe uliifuta ukipunguza faili usiku ukiwa umechoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hata daftari likiwepo, kama kila mtu anaandika kwa jina moja, bado habari hupotea.

Kila mara tunakukumbusha usimpe mtu PIN yako. Leo tuongee kuhusu ile kompyuta inayokaa kando ya simu. Kama inatumia Linux, kwa mfano Ubuntu, una bahati: kila kitu unachohitaji ili kuwatenganisha watu wako kimo ndani tayari, na hulipi chochote. Kinachobaki ni kuchagua: nani awe na akaunti gani, na kila akaunti iwe kwa kundi gani.

Kwa nini Linux inauliza wewe ni nani?

Linux ilianza mwaka wa 1991, ilipotolewa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland. Lakini mtindo wake wa kazi aliuiga kutoka kwa mfumo wa zamani zaidi, Unix, ulioanza mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Enzi hizo kompyuta ilikuwa kitu cha bei kubwa mno, na watu wengi walitumia moja. Kwa hivyo mfumo ulihitaji kujua: faili hili ni la nani? Nani anaruhusiwa kulisoma? Nani anaruhusiwa kulibadilisha?

Sasa tazama duka lako. Kompyuta moja, watu watatu. Ni hali ile ile. Kwa hivyo usiione Linux kama kitu cha mafundi pekee. Swali ililoundwa kulijibu ndilo swali lako la kila siku.

Akaunti ziko za aina tatu

Ukifungua faili linaloitwa /etc/passwd, utaona orodha ndefu ya majina, na mengi hujawahi kuyasikia. Usishtuke, hujavamiwa. Kila akaunti ina namba yake, na kwa Ubuntu na Debian namba hizo zinakuonyesha ni ya aina gani.

Ya kwanza ni root, yenye namba 0. Hii ndiyo mwenye nyumba. Inaweza kusoma kila faili, kufuta kila kitu na kubadilisha nenosiri la mtu yeyote, na mfumo hauiulizi maswali. Kwa Ubuntu, root imefungwa tangu mwanzo ili mtu asiingie nayo moja kwa moja.

Za pili ni akaunti za mfumo, ambazo kwa kawaida zina namba kuanzia 1 hadi 999. Hizi si za watu. Kuna lp ya mambo ya printa, kuna www-data ya seva za tovuti, na nyingine nyingi. Kila kazi imepewa akaunti yake ndogo ili moja ikiharibika au ikivamiwa, isiburute nyingine. Ziache zilivyo. Usizifute ati unapunguza takataka.

Za tatu ni akaunti za watu, kuanzia namba 1000. Ile uliyotengeneza siku ya kuweka Ubuntu ndiyo 1000. Na hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa sababu akaunti hiyo ya kwanza si ya kawaida. Ubuntu inaiweka kwa kundi linaloitwa sudo, yaani inaipa ruhusa ya kuazima nguvu za root kwa kuandika nenosiri lake yenyewe. Mwenye nenosiri hilo ana kompyuta yote.

Kwa hivyo ukimpa mhudumu akaunti ile ya kwanza "ili tu aandike mauzo", hujampa daftari peke yake. Umempa ufunguo wa duka, wa stoo na wa nyumbani.

Akaunti zinazokuja na kifaa: funzo la mwaka wa 2016

Kabla ya kutengeneza akaunti mpya, hebu tuangalie zile unazozikuta. Ukipata laini mpya ya simu na kupewa PIN ya kuanzia, kitu cha kwanza ni kuibadilisha. Vifaa vya Linux ni vivyo hivyo, na havikai kwa kompyuta peke yake. Kamera nyingi za usalama na vile visanduku vya kurekodi picha zake ni Linux ndani. Ruta nyingi za intaneti pia.

Mwaka wa 2016 ilienea programu hasidi iliyoitwa Mirai. Haikuhitaji ujanja mwingi. Ilibeba orodha ya majozi sitini hivi ya majina na manenosiri ambayo watengenezaji huweka kiwandani, ikazunguka mtandaoni ikijaribu moja baada ya jingine. Ilipata kamera na ruta nyingi ajabu ambazo wenyewe hawakuwahi kubadilisha chochote. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikisaidia tovuti nyingi kubwa kupatikana, na tovuti hizo zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa.

Watengenezaji wengine wamejifunza. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayopendwa sana na wanafunzi na mafundi, kwa miaka mingi mfumo wake ulikuja na mtumiaji anayeitwa pi na nenosiri raspberry. Dunia nzima ilijua. Aprili 2022 waliiondoa akaunti hiyo, na sasa unalazimika kuchagua jina lako na nenosiri lako unapoanza.

Kwa hivyo leo hii, kabla hujaendelea, angalia kamera ya duka lako na ruta yako. Kama nenosiri bado ni lile lililoandikwa kwa kibandiko cha chini, libadilishe. Na kama kompyuta yako uliinunua ikiwa imetumika, usirithi akaunti za mwenyewe wa zamani. Weka mfumo upya, uanze na majina yako.

Makundi ni funguo, si vyeo

Kila akaunti ya Linux inaweza kuwa ndani ya makundi. Fikiria kundi kama ufunguo unaoning'inia kwenye mkufu wa funguo za mtu. Ukitaka afungue mlango fulani, unamwongezea ufunguo huo. Humpi mkufu wako wote.

Akaunti ya kwanza ya Ubuntu hupewa makundi kadhaa bila wewe kuulizwa. Haya hapa yale ambayo mwenye duka anafaa kuyajua, pamoja na mengine mawili matatu ambayo huenda fundi akakuwekea:

- sudo: nguvu zote za root. Abaki nayo mwenye duka, na mtu mwingine mmoja unayemwamini kabisa, basi.
- adm: kusoma kumbukumbu za mfumo, yaani nani aliingia na nini kilitokea. Mhudumu hahitaji.
- lpadmin: kuongeza printa, kuiondoa na kubadilisha mipangilio yake. Kuchapisha tu risiti kwa kawaida hakuhitaji kundi hili.
- dialout: kuongea na vifaa vinavyounganishwa kupitia njia za kizamani za waya, kama modemu na baadhi ya printa za risiti. Mpe mhudumu ikiwa tu programu ya risiti inakataa bila hiyo.
- lxd na docker: haya ni ya mafundi wa programu. Yanaonekana madogo, lakini aliye ndani yake anaweza kuzifikia nguvu za root bila kupitia sudo. Usimpe mtu wa kaunta.
- disk: humruhusu mtu kusoma diski yote moja kwa moja, akiruka ruhusa zote za faili. Hili usimpe mtu yeyote.

Umeona mtindo? Swali lisiwe "huyu ni mtu mzuri?" Swali ni "kazi yake inahitaji mlango gani?" Hata mtu mwaminifu kuliko wote anaweza kubonyeza kitu kibaya, au kufungua barua pepe ya walaghai. Asipokuwa na ufunguo, mlaghai aliyemdanganya naye hana.

Mpango wa duka la watu watatu

Tuseme wewe ndiye mwenye duka, na una wahudumu wawili, Achieng na Kamau. Sisi tungepanga hivi:

Akaunti ya msimamizi. Ndiyo ile ya kwanza, yenye sudo. Itumie kwa kuweka programu, kusasisha mfumo na kuongeza watu. Usiitumie kwa kazi za kila siku.

Akaunti yako ya kawaida. Ndiyo, hata wewe mwenyewe. Hapa ndipo unasoma barua pepe na kufungua ukurasa wa biashara wa kuangalia malipo ya tili. Ukikosea hapa, kosa linabaki hapa.

Akaunti ya Achieng na akaunti ya Kamau. Kila mmoja na jina lake. Usitengeneze moja inayoitwa "kaunta" au "duka" ya kutumiwa na wote, kwa sababu utakuwa umerudi pale pale pa Jumanne iliyopotea.

Kundi moja linaloitwa mauzo. Ndani yake muwe wewe, Achieng na Kamau. Kundi hili ndilo litakalofungua folda ya pamoja ya rekodi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Ukiruhusu kivinjari chako kihifadhi nenosiri la ukurasa wa malipo, nenosiri hilo linakaa ndani ya folda yako ya nyumbani kwa kompyuta. Mkitumia akaunti moja, kila anayekaa kwa kaunta anaweza kulitumia. Kila mtu akiwa na akaunti yake, folda yako ni yako. Lakini angalia toleo lako: Ubuntu ilianza kufunga folda za nyumbani zisisomwe na watumiaji wengine kuanzia toleo la 21.04, kwa akaunti mpya. Kama mfumo wako uliwekwa zamani kisha ukasasishwa, folda ya zamani huenda bado iko wazi. Ifunge kwa amri hii, ukiandika jina lako mahali pa jina:

chmod 750 /home/jina

Haya, tufanye kazi

Unaweza kuongeza watu kupitia mipangilio ya kompyuta, sehemu ya watumiaji. Hapo utaulizwa kama mtu ni wa kawaida au ni msimamizi. Chagua wa kawaida. Lakini makundi mengine tunayaweka kwa terminali, na si kazi ngumu. Ingia na akaunti ya msimamizi, kisha andika mstari mmoja mmoja:

sudo adduser achieng

sudo adduser kamau

Kila mara utaombwa nenosiri la mtu huyo mpya. Mwite mwenyewe alichape, wewe ukiangalia kando. Akaunti yako ya kawaida itengeneze kwa njia hiyo hiyo. Sasa tengeneza kundi na uwaweke watu ndani:

sudo groupadd mauzo

sudo usermod -aG mauzo achieng

sudo usermod -aG mauzo kamau

Rudia mstari wa mwisho kwa jina la akaunti yako ya kawaida. Kisha folda ya pamoja:

sudo mkdir /srv/mauzo

sudo chgrp mauzo /srv/mauzo

sudo chmod 2770 /srv/mauzo

Ile 770 inasema: mwenye folda na watu wa kundi wanaingia na kuandika, wengine wote mlango umefungwa. Ile 2 ya mbele inahakikisha kila faili jipya linalotengenezwa humo linakuwa la kundi la mauzo, si la kundi la mtu binafsi.

Ili uhakikishe, andika groups achieng, na utaona funguo zake zote. Aliyeongezwa kundi jipya anafaa kutoka na kuingia upya ndipo ufunguo ufanye kazi. Halafu jaribu kabla ya siku ya kazi: Achieng atengeneze faili, Kamau alifungue na kuongeza mstari. Ikikubali, mko sawa.

Tuwe wakweli hapa. Aliye ndani ya kundi la mauzo anaweza kuandika humo, na anayeweza kuandika ndani ya folda hiyo anaweza pia kufuta. Kwa hivyo kila jioni nakili rekodi za siku kwa folda yako ya nyumbani, ambako wahudumu hawafiki. Siku Jumanne ikipotea tena, utakuwa na nakala yake.

Makosa matatu yanayouma

Kosa la kwanza ni herufi moja. Kwa ile amri ya usermod, herufi a inamaanisha ongeza. Ukiisahau na kuandika -G peke yake, mtu anaondolewa kwa makundi yake mengine yote na kubakishwa na hilo moja tu pamoja na kundi lake la msingi. Ukijifanyia hivyo kwa akaunti ya msimamizi, umejitoa kwa sudo. Na kwa vile root imefungwa, itakubidi uwashe kompyuta kwa hali ya uokoaji ili ujirudishe. Soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kosa la pili ni kumwongeza mtu kwa sudo "kwa muda tu" kwa sababu printa imegoma. Huo muda huwa hauishi. Kama umeshafanya hivyo, mtoe:

sudo deluser kamau sudo

Kosa la tatu ni kuinuka na kuacha akaunti ya msimamizi wazi. Ukishaandika nenosiri la sudo, Ubuntu inakukumbuka kwa dakika 15 kwenye dirisha lile lile. Ukienda kupokea mzigo nje, aliyebaki hapo anaweza kuzitumia dakika zako. Funga skrini kila unapoinuka, kama unavyofunga droo ya pesa.

Mhudumu akiondoka

Watu huja, watu huenda. Siku Kamau akipata kazi kwingine, usibadilishe manenosiri ya duka zima. Hiyo ndiyo raha ya akaunti tofauti: unafunga moja tu.

sudo usermod -L -e 1 kamau

Amri hiyo inafunga nenosiri lake na kuifanya akaunti iwe imepitwa na muda. Faili zake zinabaki, kwa hivyo unaweza kukagua hesabu kwa utulivu. Baadaye ukiridhika, sudo deluser kamau itaiondoa akaunti yenyewe. Folda yake ya nyumbani haifutwi na amri hiyo mpaka uombe. Kisha, siku hiyo hiyo, mwondoe pia kwa orodha ya wahudumu wa namba yako ya tili. Kufunga mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi hakusaidii.

Kumbuka pia kwamba majina na namba za simu za wateja wako zilizo kwa kompyuta hiyo ni data binafsi, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mteja alikupa namba yake ili alipe, si ili kila aliyewahi kufanya kazi kwako aendelee kuwa nayo.

Akaunti inamlinda hata mhudumu

Wengine wataona kama huu ni mpango wa kuwashuku wafanyakazi. Sisi tunauona kinyume. Kwa ile hali ya nenosiri moja, kitu kikipotea kila mtu ni mshukiwa, na aliye mnyonge ndiye anayelipishwa. Kila mtu akiwa na akaunti yake, kila faili lina jina la mwenyewe. Amri ya last inakuonyesha nani aliingia na saa ngapi. Kila matumizi ya sudo yanaandikwa kwa kumbukumbu za mfumo, pamoja na jina la aliyetumia. Kijana wa Jumamosi anaweza kusema, "Mimi sikuwa nimeingia Jumanne," na kompyuta ikamtetea.

Kwa hivyo wikendi hii tenga nusu saa. Waite wahudumu wako, waelezee sababu, kila mmoja achague nenosiri lake mwenyewe. Na wakikuuliza kama wewe unaweza kulijua, wajibu ukweli: unaweza kulibadilisha, lakini huwezi kulisoma, na hutaki kuambiwa. Lao ni lao, kama PIN yako ilivyo yako.

Tuonane wiki ijayo. Na usimpe mtu PIN yako, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.